Bima Ikigoma, Mtoto Alale Wapi?

Katika jimbo la California, shirika linalowatafutia watoto familia za malezi ya kambo halifanyi kazi bila bima. Kaunti haisaini mkataba na shirika lisilo na bima, na bila mkataba wa kaunti hakuna mtoto atakayeletwa mlangoni. Ndiyo maana Agosti 2024 ilikuwa na kishindo. Kampuni ya Nonprofits Insurance Alliance of California, iliyokuwa imeyakatia bima takriban asilimia 90 ya mashirika hayo, ilitangaza kwamba haitayahuishia tena. Kuanzia Oktoba, kila shirika lingejikuta nje tarehe yake ya kuhuisha ikifika. Nyuma ya mashirika hayo walikuwapo watoto karibu 9,000, wanaoamka asubuhi kwenye nyumba za watu waliokubali kuwalea, wasiojua kwamba kitanda chao kinashikiliwa na karatasi iliyo kabatini kwa mhasibu.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza atauliza: bima ya nini hasa? Nyumba isiungue? Gari lisigongwe? La. Ni bima ya dhima. Mtoto akiumia mikononi mwa mlezi, au akitendewa uovu, kisha yeye au wakili wake akaenda mahakamani na kushinda, bima ndiyo inayolipa fidia. Hata shirika lisipopatikana na hatia, bima ndiyo inayowalipa mawakili wa utetezi, na kwa Marekani gharama hiyo peke yake inaweza kulifungisha virago shirika dogo. Mashirika haya hayafanyi biashara ya faida. Yanaishi kwa viwango vya malipo vilivyopangwa na serikali ya jimbo, pamoja na misaada ya wahisani. Ada ya bima ikipanda mara mbili, hayawezi kuipandishia bei bidhaa yoyote, kwa kuwa hayauzi kitu.

Tuanze na safari ya mtoto mwenyewe, maana humo ndimo jambo lote lilimojificha. Kuna taarifa kwamba mtoto anapigwa au ametelekezwa. Ofisa ustawi wa jamii wa kaunti anafika na kumwondoa nyumbani. Jaji wa mahakama ya watoto anaamua kwamba asirudi kwa sasa. Kaunti inatafuta pa kumweka: ndugu wa damu kwanza, kisha familia ya kambo inayosimamiwa na kaunti yenyewe. Kama mtoto ana mahitaji mazito, anaumwa, ana hasira zisizozuilika, au wako ndugu watatu wasiopaswa kutenganishwa, kaunti inapiga simu kwenye shirika. Shirika ndilo lenye walezi waliofundishwa kwa hali hizo, na wafanyakazi wanaopita nyumba kwa nyumba mara nyingi kuliko ofisa wa serikali aliyelemewa na majalada. Mashirika haya yalianza kushamiri miaka ya 1980 kwa sababu jimbo lilitaka watoto wa namna hiyo walelewe kwenye familia, wasirundikwe mabwenini.

Tazama sasa nani ana mamlaka na nani ana mzigo. Anayemchukua mtoto ni serikali. Anayeamua abaki au arudi ni jaji. Mwenye jalada lake lote, pamoja na historia ya aliyemuumiza kwanza, ni kaunti. Shirika linapokea mtoto saa nne usiku na maelezo ya nusu ukurasa. Hata hivyo, kesi ikija baada ya miaka ishirini, anayesimama kizimbani bila ngao ni shirika. Kaunti ina kinga za kisheria ambazo taasisi binafsi haina, na katika mikataba mingi kaunti huweka kifungu kinachomtaka mwenye shirika aifidie kaunti kwa hasara itakayotokana na kazi hiyo. Kwa lugha ya kawaida, mwenye nguvu amemkabidhi mnyonge mtoto, na bili pia.

Ni rahisi mno kumtupia lawama mwenye bima, na wengi walifanya hivyo mwaka ule. Mimi sifuati njia hiyo. Kampuni hii si lile dubwana la Wall Street tunalolichora kichwani. Ni mfuko wa pamoja usio wa faida, unaomilikiwa na mashirika yanayokatiwa bima nao, na makao yake yako Santa Cruz. Uliasisiwa mwaka 1989 na Pamela Davis, kufuatia msukosuko wa bima wa katikati ya miaka ya 1980 ambapo makampuni ya kawaida yaliyakimbia mashirika ya hisani, kama tu ilivyotokea sasa. Yaani chombo kilichozaliwa kwa sababu wenye bima waliwakimbia walezi wa watoto ndicho kilichokuja kuwakimbia miaka 35 baadaye. Hoja yake ilikuwa kwamba mahakama zinayabebesha mashirika dhima ya mambo yasiyo mikononi mwao, na kwamba kuendelea kungehatarisha fedha za wanachama wengine wote: wenye jiko la kulisha maskini, wenye kituo cha wazee, wenye timu ya mpira ya watoto wa mtaani. Ukiwa mkurugenzi wa mfuko wa ushirika huwezi kuipuuza hoja hiyo. Unaweza kuichukia, lakini hesabu zake zinasimama.

Hesabu zenyewe zilibadilishwa na sheria, na sheria ilikuwa na haki.

Zamani, aliyenajisiwa utotoni huko California alikuwa na muda hadi kufikisha umri wa miaka 26 kudai fidia, au miaka mitatu tangu alipotambua madhara. Yeyote aliyewahi kukaa na mtu aliyepitia hayo anajua kwamba umri huo ni mdogo mno. Wengi hufungua kinywa wakiwa na watoto wao wenyewe, tena pale mtoto wao anapofikia umri ule ule walioumizwa wao. Sheria ya AB 218, iliyosainiwa mwaka 2019, ilisogeza kikomo hadi miaka 40, au mitano tangu kutambua, na ikafungua dirisha la miaka mitatu, kuanzia Januari 2020 hadi mwisho wa 2022, ambamo madai ya zamani yaliyokwisha kuzikwa yaliruhusiwa kufufuliwa. Jimbo la New York lilikuwa limefungua dirisha la aina hiyo mwaka 2019. Yaliyotoka humo yalitisha. Jimbo Kuu Katoliki la Los Angeles lilikubali mwaka 2024 kulipa dola milioni 880 kwa madai 1,353. Shule za serikali nazo ziliguswa: ripoti ya Januari 2025 ilikadiria kwamba madai hayo yatazigharimu wilaya za elimu za California kati ya dola bilioni mbili na tatu.

Kisha ikaja AB 452, iliyosainiwa 2023. Hiyo iliondoa kikomo kabisa kwa uovu wowote utakaotendeka kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Hapa ndipo mtu wa bima anapoweka kalamu chini. Mtoto wa miaka mitatu aliyepokelewa mwaka 2024 anaweza kudai mwaka 2084 akiwa na miaka 63. Bima ya dhima, kwa mtindo uliozoeleka, hulipa kwa kufuata mwaka tukio lilipotendeka, si mwaka madai yalipoletwa. Kwa hiyo anayeuza bima ya mwaka mmoja anapokea ada ya mwaka mmoja na kuweka ahadi ya miaka sitini. Ataipigia bei vipi? Hajui mahakama za 2084 zitakuwa na msimamo gani, hajui dola itakuwa na thamani gani, hajui kama shahidi hata mmoja atakuwa hai. Na yeye mwenyewe ana wakubwa zake, makampuni ya bima mtawanyo yanayombebea sehemu ya hatari, ambayo huuliza swali hilo hilo na kupandisha bei au kujiondoa.

Kuna jambo ambalo mjadala wa California uliligusa juu juu tu. Mwenye bima anapokataa kuhuisha, hajiepushi na madai ya jana. Bima za 1995 na 2005 bado zinamfunga, na walionajisiwa miaka hiyo bado wanaweza kumfuata. Anachokikimbia ni kesho. Maana yake ni kwamba gharama ya kuwatendea haki watoto wa zamani inaangukia kitanda cha mtoto wa leo, ambaye hajamdai mtu senti. Watunga sheria walifungua mlango wa haki kwa mkono mmoja bila kutenga fungu la kuilipa haki hiyo kwa mkono wa pili. Wakadhani soko litajaza. Soko halikujaza.

Aliyeweza kulipa ni nani? Angalia Kaunti ya Los Angeles. Mwezi Aprili 2025, Bodi ya Wasimamizi wa kaunti hiyo iliidhinisha makubaliano ya dola bilioni nne kwa walalamikaji zaidi ya 6,800, waliosema walidhulumiwa kingono wakiwa katika mahabusu za vijana na katika kituo cha watoto cha MacLaren kilichokuwa El Monte. MacLaren hakikuwa cha shirika la hisani. Kilikuwa cha kaunti yenyewe, watoto walioondolewa kwao walipelekwa hapo kusubiri kupangiwa, na kilifungwa mwaka 2003. Ni makubaliano makubwa kuliko yote ya aina yake katika historia ya Marekani. Na bado kaunti haikufungwa. Itakopa, itabana matumizi, na italipa kidogo kidogo hadi mwaka wa fedha 2050/51.

Hebu lisome tena hilo: hadi 2050. Shirika lenye wafanyakazi thelathini na ofisi ya kupanga haliwezi kumwambia mlalamikaji asubiri miaka 25. Serikali inaweza. Ina kodi, ina hatifungani, na haifi. Katika mnyororo mzima wa mtoto, kaunti, shirika, mlezi na mwenye bima, ni mmoja tu mwenye mabega ya kubeba ahadi ya miaka sitini, naye ndiye aliyeishusha mabegani kwa kifungu cha mkataba.

Najua kuna dosari kwenye fedha hizi kubwa. Miezi michache baada ya makubaliano hayo, gazeti la Los Angeles Times liliripoti watu waliosema walilipwa ili wajiandikishe kama walalamikaji, na kaunti ikaanzisha uchunguzi. Wako mawakili wanaonyonya asilimia nono kutoka kwa majeraha ya wengine. Tuyaseme haya bila haya. Ila mwizi akiingia kwenye foleni ya kliniki hatuifungi kliniki, tunamtoa mwizi. Wanaotumia udanganyifu huo kudai kwamba walionajisiwa wanyamaze tena wanataka kurudisha ukimya ule uliowafanya watoto wa MacLaren wasubiri miaka arobaini.

Turudi kwenye mashirika. Baadhi yalipata bima kwingine, kwenye soko la pembeni ambako bei hazidhibitiwi kama zile za makampuni yenye leseni ya kawaida, na ambako kampuni ikifilisika mfuko wa jimbo wa kuwalinda wakata bima haukuhusu. Ada zikawa kubwa zaidi na kiwango cha juu cha fidia kikawa kidogo zaidi. Mengine yaliunganishwa na wenzao, mengine yakafunga mlango wa malezi ya kambo na kubaki na kazi nyepesi. Fedha zilizokuwa zikilipa mfanyakazi wa kumtembelea mtoto sasa zinalipa ada ya bima. Hapo kuna kejeli chungu: mlinzi mkuu wa mtoto dhidi ya mlezi mwovu ni yule mtu anayebisha hodi Jumanne bila kutoa taarifa, na ndiye wa kwanza kupunguzwa ili ilipwe bima ya kufidia uovu ambao yeye angeuzuia.

Shirika likifunga, watoto hawatoweki. Familia inatakiwa kuhamishia usajili wake kwenye shirika jingine au kaunti. Penye makaratasi yaliyonyooka mtoto habanduki kitandani kwake. Pasipo hivyo, au mlezi akisema amechoka kuanza upya, mtoto anapakia nguo tena. Wengine mara ya tano, wengine mara ya nane. Nani kati yetu angeweza kumwamini mtu mzima baada ya hapo? Mtoto mwenye mahitaji mazito ndiye wa mwisho kupata pa kwenda, na mwenye hatari zaidi ya kuishia kwenye kituo cha muda.

Serikali ya jimbo haikukaa kimya. Mbunge Gail Pellerin, anayewakilisha Santa Cruz, alipeleka muswada wa AB 2496, ambao ulipoanza ulikusudia kulipunguzia shirika dhima isiyotokana na uzembe wake. Mawakili wa wahanga na watetezi wa mashirika walivutana, muswada ukachujwa, na Gavana Gavin Newsom akausaini mwaka 2024. Zikatolewa pia fedha za mara moja za kuyavusha mashirika. Neno lenye uzito hapo ni mara moja. Ahadi ya bima ni ya miaka sitini, na daraja ni la mwaka mmoja.

Msimamo wangu ni huu. Haki ya mtoto kudai isiguswe, si kwa kikomo cha umri wala kwa dari ya fidia. Kinachopaswa kuhama ni mlipaji. Serikali ikishamwondoa mtoto kwa wazazi wake kwa nguvu ya sheria, imekuwa mzazi, na mzazi halikodishi jukumu hilo kwa zabuni. Iwepo bima ya umma au mfuko wa jimbo unaosimama mbele kwa kila mtoto aliyewekwa na amri ya mahakama, awe yuko kwa mlezi wa kaunti au wa shirika. Shirika libaki na dhima ya uzembe wake lenyewe: halikumchunguza mlezi, lilipuuza malalamiko, halikwenda kutembelea. Kwa hayo lichangie mfuko kwa kiwango kinacholingana na rekodi yake, na likirudia lifutiwe leseni.

Pingamizi lililo kubwa ni kwamba mashirika yatazembea yakijua serikali inalipa. Lina uzito. Lakini kwa mfumo wa sasa bima yenyewe imegeuka mkaguzi, inaamua nani afunge na nani abaki, na inaamua kwa hesabu ya hatari ya kesi, bila kutazama ubora wa malezi. Mwaka 2024 shirika lenye miaka thelathini bila doa lilitolewa nje sawasawa na lenye madoa. Kama lengo ni kuwatia watu nidhamu, nidhamu isiyotofautisha mwema na mwovu haimfundishi mtu. Ukaguzi ni kazi ya serikali, na serikali inayojua kwamba fidia itatoka mfukoni mwake itakagua kwa bidii kuliko inayojua italipa mwingine.

Kwa nini haya yatuhusu sisi? Kwanza, baadhi ya watoto hao ni wetu. Mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi watoto wasio na wazazi, ulioanza karibu mwaka 1980 kwa ajili ya watoto wa Kusini Mashariki mwa Asia, umewapokea pia watoto kutoka Kongo, na wamewekwa kwenye familia za kambo kupitia mashirika ya namna hii.

Pili, na hili ndilo zito, Afrika Mashariki tunaelekea huko huko. Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka 2017, ikapitisha Sheria ya Watoto 2022, na mwaka huo huo ikazindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi wa kuwatoa watoto kwenye taasisi na kuwarudisha kwenye familia. Sheria hiyo inaitambua hata kafala, utaratibu wa Kiislamu wa kumlea mtoto bila kumbadilisha nasaba. Rwanda ilianza mwaka 2012 kuwaondoa watoto kwenye vituo na kuwapeleka kwa walezi. Tanzania ina malezi ya kambo na familia za kuaminika chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mwelekeo huu ni mzuri. Mtoto hukua vyema penye mtu anayemjua jina na tabia, si penye safu ya vitanda ishirini na ubao wa wafadhili getini.

Tatizo la bima hatunalo, na tusijisifu kwa hilo. Hatunalo kwa sababu mara nyingi mtoto aliyeumizwa kwenye malezi halipwi na yeyote. Mambo humalizwa na wazee sebuleni, au ofisini kwa chifu, mlezi anahama mtaa na mtoto anahamishiwa kituo kingine. Soko la bima la Kenya halifiki asilimia tatu ya pato la taifa, na bima ya dhima ni kipande kidogo cha hicho kidogo. Lakini watoto wa leo watakua, watakuwa na mawakili, na watakuwa na maswali. Wenzetu wa Marekani walijenga mfumo kwanza na kuuliza nani atalipa baada ya miaka arobaini. Sisi bado tuna nafasi ya kuuliza kabla.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandika kanuni za malezi ya kambo, Nairobi, Dodoma na Zanzibar. Wekeni kifungu kimoja kinachosema kwamba mtoto akiwekwa kwenye familia kwa amri ya mahakama au ya ofisa ustawi wa jamii, serikali ndiyo ya kwanza kuwajibika kwake, na mtaje mfuko utakaolipa. Msiwaachie makanisa, misikiti na mashirika madogo mzigo huo kwa mstari uliofichwa ukurasa wa kumi na tatu wa mkataba. Mkakati wa Kenya unafikia mwisho mwaka 2032. Muda wa kuandika kifungu hicho upo.